Kwa nini mashabiki wa Grateful Dead hutaja tarehe badala ya albamu

Ndugu, umeuliza kwa nini mashabiki wa Grateful Dead, bendi ya roki ya Marekani, hubishania tarehe za maonyesho, si albamu. Ni kwa sababu bendi yenyewe haikupiga wimbo mara mbili kwa namna moja. Ilianza California mwaka 1965, na mapema tu ikawa inatumbuiza kwenye sherehe za LSD (dawa ya kulevya inayoleta maono), ambako hakuna aliyejali wimbo unaisha saa ngapi. “Dark Star” ya albamu ya “Live/Dead” (1969) inapita dakika 23! Msikilize Phil Lesh: besi yake haikai chini kulinda mdundo, inazunguka na kujibizana na gitaa la Jerry Garcia, ambaye kidole chake cha kati cha mkono wa kulia kilikatwa na shoka utotoni.

Halafu waliwaacha mashabiki warekodi. Mwaka 1984 wakawatengea kabisa sehemu ya kusimamisha maikrofoni zao, na kanda zikabadilishwa mkono kwa mkono bila malipo. Garcia alifariki 1995, kanda hazikukoma. Albamu za studio, kusema kweli, nyingi zimepooza. Anza na onyesho la Chuo Kikuu cha Cornell, 8 Mei 1977.