Ukishatafuta damu, tazama na kiwambo

Wikendi za kaswalti hapa Mombasa twazijua: bodaboda aliyebanwa na trela upande wa Changamwe, kijana aliyechomwa kisu ubavuni. Daktari mgeni huweka altrasaundi, akatafuta damu tumboni, kifuani na kwenye mfuko wa moyo. Akiikosa, hufuta jeli akaenda zake.

Ningemwomba asiende bado. Probu, kile kishikio cha altrasaundi kinachogusishwa mwilini, ikiwa imeshafika ubavuni, aiache hapo mgonjwa avute pumzi mara chache. Kiwambo, yaani msuli unaotenga kifua na tumbo, huonekana kama mstari mweupe uliopinda. Akivuta pumzi hushuka, akiitoa hupanda. Mimi hulinganisha pande zote mbili, kila mgonjwa. Upande mmoja ukilegea kama tanga lililokosa upepo, mstari ukikatika, au bandama isipoonekana mahali pake, shuku kiwambo kimepasuka. Ukiona utumbo ukijisukuma ndani ya kifua, usipoteze muda na picha zaidi, mwite daktari wa upasuaji.

Kushoto kwataka subira. Kulia kuna ini, linalokinga kiwambo na kupitisha mawimbi vizuri. Kushoto hewa ya mfuko wa chakula huziba picha. Na kwa waliogongwa, kushoto ndiko mpasuko hugunduliwa zaidi. Eksirei ya kifua nayo huweza kuonyesha kile unachodhani ni hewa iliyozunguka pafu, kumbe ni mfuko wa chakula uliopanda. Ukichomeka mrija wa kutoa hewa kwa pupa, utautoboa mfuko huo. Ingiza kidole kwanza, upapase. (Wakubwa wetu walifanya hivyo kabla ya mashine hizi kufika Pwani.)

Kidonda cha kisu kilicho usawa wa chuchu usikiite cha kifua tu, kwani mtu akitoa pumzi yote kiwambo hupanda karibu na hapo.

Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia hukuchanganya: hewa inayosukumwa huweza kukisogeza hata kiwambo kilichoumia. Tundu dogo la kisu nalo halionekani kwa urahisi, na hata CT, mashine ya eksirei inayopiga picha za mwili tabaka kwa tabaka, huweza kulikosa. Kwa hiyo aliyechomwa kushoto, chini ya chuchu, simpi ruhusa ya kurudi Likoni eti picha ni safi na haumwi. Nawauliza wapasuaji kuhusu kumwingiza kamera tumboni, kwa sababu tundu likiachwa, utumbo huweza kupenya na kunyongwa humo miezi au miaka baadaye.