Mdogo Wangu Alijitetea Mpaka Mvamizi Akafa: Je, Damu Iko Juu Yake?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Mdogo wangu aliamka usiku akamkuta mtu ndani ya nyumba ameshika kisu. Akamgonga mkononi kwa nondo, kisu kikaanguka. Yule mtu akageuka kuelekea mlangoni, mdogo wangu akampiga tena kisogoni mara mbili, akafia pale pale. Sasa ameshtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Jamaa wanasema hana kosa, kwani Mtume alisema mwizi akiuawa ni wa motoni. Yeye mwenyewe usingizi haumjii. Je, ana dhambi? Na afanye nini?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyezi Mungu amtulize moyo mdogo wako, na aipe subira familia ya marehemu, maana naye alikuwa na mama.

Nianze na hiyo hadithi, kwa sababu wengi hushika mwisho wake na kuuacha mwanzo. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Huraira. Mtu alimuuliza Mtume (S.A.W.): akija mtu anataka kuchukua mali yangu? Akajibu: usimpe. Akauliza: akipigana nami? Akajibu: pigana naye. Akauliza: akiniua? Akajibu: wewe ni shahidi. Akauliza: nikimuua? Akajibu: yeye ni wa motoni. Tazama neno lililotangulia: “akipigana nami”. Ruhusa imefungwa hapo. Mtu ambaye kisu kimemtoka mkononi na amekupa mgongo anatafuta mlango, huyo hapigani nawe tena.

Kwa hiyo tuligawe tukio la usiku ule, maana mapigo yale hayana hukumu moja. Pigo la mkononi, wakati kisu kimeinuliwa, halina dhambi wala fidia. Lau yule mtu angekufa kwa pigo hilo, ningekwambia mdogo wako alale kwa amani. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya mtu aliyemng'ata mwenzake mkono. Aliyeng'atwa akauchomoa mkono wake kwa nguvu, jino la mng'ataji likang'oka. Wakaenda kushtakiana kwa Mtume (S.A.W.), naye akasema hakuna diya, yaani fidia ya mali, kwa jino lile. Jino limepotea katika kuondoa madhara yenyewe, wala mwenye mkono hakuongeza kitu baada ya kuuokoa.

Mapigo mawili ya kisogoni ndiyo yaliyomkosesha usingizi, na moyo wake umemwambia kweli. Wanazuoni wetu wanaliita jambo hili kumzuia mvamizi, na kanuni yao ni kuanza na jepesi kabla ya zito. Imam Nawawi ameandika kwamba anayeweza kuokoka kwa maneno au kwa kupiga kelele za kuomba msaada, kwake kupiga ni haramu. Anayetosheka na fimbo, kwake kukata kiungo ni haramu. Ibn Qudama naye ametoa mfano unaokaribia sana kisa chenu: mtu akimkata mvamizi mkono akijitetea, kisha mvamizi akageuka kukimbia, naye akamfuata akamkata mguu, basi mkono haudaiwi, mguu unadaiwa. Haki ya kujitetea huzaliwa na hatari, na hatari ikiondoka nayo inaondoka, hata kama damu ya aliyevamiwa bado inachemka.

Sheria za jinai za nchi nyingi nazo hupita njia hiyo. Huuliza kama hatari ilikuwepo, au mtu aliamini kwa dhati kwamba ipo, kisha huuliza kama nguvu aliyoitumia ilikuwa ya kiasi. Ikizidi, nchi zinatofautiana. Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, iliyotumika hadi 2024, ilimpunguzia kosa la mauaji kuwa kosa dogo zaidi yule aliyevuka mpaka wa kujitetea kwa nia njema, bila kupanga na bila kukusudia madhara zaidi ya yaliyohitajika. Kwingine mtu akizidisha nguvu, hoja ya kujitetea huanguka yote. Hata hivyo majaji wana huruma ya haki hapa. Katika kesi ya Palmer, iliyoamuliwa London mwaka 1970, walisema kwamba aliyevamiwa hawezi kutarajiwa kupima kujihami kwake kwa mizani ya sonara. Ndiyo maana swali kubwa kwa mdogo wako ni hili: aliona nini gizani? Kama alidhani kweli kwamba yule mtu anainama kuokota kisu, hilo aliseme. Kama alijua anakimbia, akapiga kwa hasira, aliseme hilo pia. Asifundishwe na jamaa cha kusema.

Nabii Musa (A.S.) aliingia kumsaidia mtu aliyekuwa akidhulumiwa. Akampiga yule adui ngumi moja, akafa. Hakukusudia kuua, na alikuwa upande wa mwenye kuonewa, lakini hakujitafutia udhuru. Qur'ani, Sura ya 28, inatuambia alisema hiyo ni kazi ya shetani, akaungama kwamba ameidhulumu nafsi yake, akaomba msamaha, akasamehewa. Wapo watakaokwambia mbona Musa alikimbia. Musa aliukimbia utawala uliokuwa ukichinja watoto wachanga. Mdogo wako asikimbie, afike mahakamani kila anapoitwa.

Kuhusu diya na kafara, yaani ibada ya kufuta kosa la kuua, hukumu inategemea nia yake, na hiyo haithibiti kwa barua ya kaka yake. Ikithibiti kwamba alikosea au hakukusudia kuua, diya ni haki ya warithi wa marehemu, na kwa asili hubebwa na ndugu wa kiumeni kwa muda wa miaka 3. Wewe ni mmoja wao, kwa hiyo jiandae. Warithi wana ruhusa ya kusamehe. Kafara kwa leo ni kufunga miezi 2 mfululizo, na hiyo hakuna awezaye kumfungia. Katika madhehebu ya Shafi ninayoifuata, kafara inamlazimu hata kama alikusudia, kwa hiyo asisubiri hukumu ya mahakama ndipo aanze kufunga. Nanyi wakubwa wa familia tafuteni mtu wa heshima awatangulie kwa wafiwa, mkaombe msamaha na kuwapa mkono wa pole, hata kama marehemu wao ndiye aliyekuja na kisu.

Wallahu a'lam.