Barua kwa mwanangu: bedsita yako ya Migosi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Umepata bedsita, chumba kimoja cha kulala na kupikia, Migosi hapo Kisumu, mita 3 kwa 4, jikoni ni slabu na sinki kando ya mlango, dirisha moja linatazama magharibi, na usiku chumba kinachemka. Unauliza uanze kununua nini ili nyumba isigeuke stoo, na kama ule mkopo mdogo utatosha sofa.

Sofa iache kwanza. Nunua tepu ya kupimia na chaki. Chora kitanda sakafuni, fungua mlango mpaka mwisho, tembea kutoka sinki hadi dirishani ukiwa umebeba beseni. Ukigonga mstari wa chaki, utagonga na mbao.

Kitanda ndicho kinachopanga kila kitu, kwa hiyo sikia hesabu yake. Kitanda cha futi 4 kwa 6 kikiegemezwa kwenye ukuta mrefu, pamoja na fremu, kinakula kama sentimita 127 za upana. Chumba chako kina 300, zinabaki 173. Weka kiti chenye kina cha sentimita 80 upande wa pili, bado una njia ya sentimita 93, watu wawili wanapishana. Chukua cha futi 5 kwa 6 na njia inashuka hadi 63, hapo mgeni akikaa, wewe unapita kwa ubavu. Najua unapenda kulala umetanuka. Chukua cha 4.

Usikinunue kikiwa tayari dukani. Nenda soko la Kibuye kwa mafundi wa mbao, umwambie fundi ubavu wa chini wa fremu uwe sentimita 40 kutoka sakafuni, maana makasha mengi ya plastiki yenye kimo cha 35 yatasukumwa pale chini bila kukwaruza. Hiyo ndiyo kabati yako ya blanketi, viatu na masufuria ya Krismasi. Uliza kama mbao imekauka. Saipresi mbichi ikikauka ndani ya nyumba inajikunja, viungo vinalegea, na baada ya miezi michache kitanda kinalia kila ukigeuka. Ukiinua ubao ukauona mzito kuliko ulivyotarajia na baridi ukiushika, bado una maji. Chaga ziachane sentimita 5 hadi 7. Zikiachana zaidi, godoro linazama katikati ya nafasi. Na usikubali kuwekewa plaiwudi nzima badala ya chaga, ati ni imara. Kwa joto la Kisumu jasho lote linashuka chini ya godoro, likikosa pa kutokea linaota ukungu mweusi.

Sasa joto. Ukuta wa tofali za saruji unaopigwa na jua la magharibi alasiri yote unameza joto na kulirudisha usiku, ndiyo maana saa nne unahisi bado jua liko dirishani. Dawa ni kulizuia lisiingie. Pazia zito lenye bitana nyeupe upande wa nje lifungwe kuanzia saa saba mchana, hata kama haupo. Jua likizama, fungua kila kitu. Mchana upepo unatoka ziwani, usiku unageuka na kwenda ziwani, kwa hiyo yale matundu yaliyo juu ya mlango yasizibwe na gazeti wala kalenda, ndiyo njia ya hewa yako ya usiku. Feni nayo watu huielekeza usoni. Iweke karibu na dirisha itazame nje, isukume hewa moto itoke, na hewa baridi itavutwa kutoka upande wa mlango. Baada ya nusu saa igeuze.

Dirisha lenyewe liwekee wavu wa mbu, ushikwe na velkro ili uutoe kuuosha. Chandarua ni lazima hata ukiwa na wavu, upande huo wa ziwa malaria haitanii. Chukua cha pembe nne. Cha duara kwenye chumba kidogo kinapendeza kwa picha, ila kinakubana mpaka mkono unagusa neti, na mbu anakuuma kwa nje. Kikiwa kipya chenye dawa, kitundike kivulini saa 24 kabla ya kukilalia.

Fimbo ya pazia isilingane na dirisha. Dirisha la sentimita 120 liwekewe fimbo ya 160, sentimita 20 kila upande, ipande sentimita 15 juu ya fremu. Pazia likivutwa linalala ukutani na dirisha lote linabaki wazi. Kitambaa kiwe mara mbili ya fimbo, mita 3.2, la sivyo kinaning'inia kama shuka iliyoanikwa. Misumari usiipige ovyo: plasta ya nyumba za kupanga inamomonyoka na keateka wa jengo atakutoza wakati wa kuhama. Mwombe ruhusa ya kutoboa matundu manne tu kwa drili ya milimita 6, upige plagi za plastiki na skrubu.

Kwa sakafu, umesema unataka zulia la manyoya kama letu. Hapa Nakuru asubuhi sakafu inauma miguu kwa baridi. Huko litakusanya vumbi na unyevu na harufu ya omena. Weka mkeka wa mbao, ule wa plastiki wenye sura ya mbao. Lakini kabla ya kununua, bandika kipande cha karatasi ya nailoni sakafuni kwa gundi ya tepu pande zote nne, ukiache saa 24. Ukikuta matone chini yake, sakafu inapandisha maji, na mkeka utayafungia mpaka unuke. Ikiwa kavu, sikiliza: roli huwa na upana wa mita 2. Muuzaji atakukatia vipande viwili vya mita 4, jumla 8, na utatupa ukanda wa mita nzima. Vilaze kukatisha chumba badala yake: vipande viwili vya mita 3, ongeza sentimita 10 kila kimoja za kukatia, jumla mita 6.2. Maungio yanaangukia katikati ya chumba, na hapo ndipo unaweka mkeka mdogo wa mafunjo. Ukunjue mkeka ulale siku nzima kabla ya kukata, na uache upenyo wa milimita 3 ukutani, maana joto likipanda hutanuka na kuvimba.

Kuhusu harufu ya kupika kuingia kwenye nguo, kabati la kitambaa la zipu halisaidii, na vyuma vyake huchomoka ukitundika makoti matatu. Rafu za mbao upande wa dirishani, mbali na jikoni, na nguo za kazi ndani ya mfuko. Achia sentimita 5 kati ya rafu na ukuta. Vikapu vya gugu maji vinavyosukwa hapo Kisumu vinapitisha hewa na vinaficha soksi.

Mtungi wa gesi usikae chini ya kitanda hata siku moja. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni, na wewe unalala hapo hapo. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye regyuleta na viungo vya paipu. Likifanya mapovu mapya, funga na umwite aliyekuuzia. Jiko la makaa lisiingie kabisa.

Rangi, ukiruhusiwa: ukuta wako ni kama mita za mraba 34, mara mbili ni 68, lita moja inafunika kama 10. Kopo mbili za lita 4 zinatosha na chenji. Chukua ya silki inayooshwa, krimu hafifu.

Extensheni moja isibebe birika na pasi kwa pamoja.

Pima upana wa dirisha na urefu kutoka fimbo hadi sakafuni, unitumie kabla ya Jumamosi. Kitambaa nitakichukua hapa sokoni.

Mama yako,
Nakuru