Nina picha 300 za ubongo, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Niko mwaka wa pili wa uzamili wa radiolojia hapa Dar es Salaam. Nimekusanya picha 300 za CT za ubongo za wagonjwa wa kiharusi na nataka ziwe utafiti wangu. Wenzangu wengine wananiambia nijifunze kwanza programu za akili mnemba, wengine nisubiri nafasi ya kwenda nje. Unanishauri nini?

JIBU: Marahaba. Programu ziweke kando kwanza. Mtu wa maabara ana mashine inayompa namba. Kwetu kipimo ni jicho la msomaji, na jicho hilo nalo lazima lipimwe. Unapoandika ripoti, unatakiwa kusoma maelezo ya mgonjwa kabla ya kufungua picha. Kwenye utafiti maelezo hayohayo yanakuharibia. Ukishajua kwamba mkono wa kulia umepooza, upande wa kushoto wa ubongo utaona weusi hata pasipo na weusi.

Mimi picha za tasnifu yangu nilizisoma peke yangu, fomu za wagonjwa zikiwa mezani. Mtakwimu akaniuliza swali moja tu: nani mwingine amezisoma? Nikaanza upya.

Angalia kazi iliyofanyika Blantyre, Malawi, kwa watoto wenye malaria ya ubongo, ikachapishwa mwaka 2015. Mashine yao ya MRI, inayopiga picha kwa sumaku, ilikuwa ya tesla 0.35 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), ndogo mno ukilinganisha na zile za 1.5 tunazozililia. Lakini uvimbe wa ubongo waliupa alama za 1 hadi 8, na ilijulikana mapema kwamba 7 na 8 ndiyo uvimbe mkali. Kati ya watoto 168 walifariki 25, na 21 kati ya hao walikuwa na uvimbe mkali. Kwa 143 walionusurika, waliokuwa nao ni 39. Mashine ya hali ya juu haikuhitajika. Kilichohitajika ni kukubaliana kwanza neno "umevimba" lina maana gani.

Sasa hesabu. Tuseme wewe na mwenzako mmesoma picha 100, kila mmoja kivyake, mkitafuta damu iliyovuja. Picha 85 wote mmesema haipo, 5 wote mmesema ipo, 10 mmepishana, tano kila upande. Mmekubaliana kwa asilimia 90, na wengi wangefurahi wakaishia hapo. Ila kila mmoja wenu amesema "haipo" mara 90, kwa hiyo hata mngejaza kwa kubahatisha mngekubaliana kwa asilimia 82. Kappa, kipimo alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, huondoa bahati hiyo: 90 toa 82 ni 8, 100 toa 82 ni 18, 8 gawa kwa 18 ni 0.44. Makubaliano ya wastani tu. Hesabu hii ifanye kwa mkono mara moja kabla ya kuiachia kompyuta.

Kwa hiyo chukua picha 50 kwa bahati nasibu, si zote 300. Andika ukurasa mmoja wa maana ya kila unachotafuta. Msome wawili bila kuulizana, kisha baada ya wiki tatu uzisome tena mwenyewe, utashangaa unavyojipinga. Halafu kuna tatizo ambalo hukulitaja: picha zako zote ni za kiharusi, na msomaji anayelijua hilo atakiona kila mahali. Changanya na za watu wasio nacho.

Umesema umekusanya. Kibali cha maadili unacho? Kama huna, simama hapo hapo. Na unapofuta majina, kumbuka jina la mgonjwa halikai tu kwenye maelezo ya faili la DICOM, yaani faili la picha za hospitali. Mara nyingine limechapwa juu ya picha yenyewe, au fomu yake imeskaniwa ikahifadhiwa humo humo.

Kwenda nje ni kuzuri, ila nenda na swali lako. Nimewaona walioenda mikono mitupu wakamaliza mwaka wakichorea watu wengine mipaka ya uvimbe kwenye picha. Kuchora kwenyewe unaweza kujifunzia hapa hapa kwa ITK-SNAP au 3D Slicer, zote za bure. Akili mnemba itafundishwa na majibu yenu wawili, basi kama kappa yenu ni 0.44, ndicho itakachojifunza.