Kabla ya Kuomba Risasi Zaidi: Ushauri kwa Askari Anayejifunza Bunduki

Katika miaka niliyofundisha makuruti na askari wa vikosini matumizi ya bunduki, lalamiko nililolisikia kuliko yote ni kwamba risasi za mazoezi hazitoshi. Lalamiko hilo lina ukweli wake, lakini mara nyingi anayelitoa bado hajatumia vizuri muda alionao akiwa na bunduki tupu mkononi. Nimeona pia, tena kwa kujirudia, kwamba askari asiyejua kuitoa bunduki yake risasi kwa utaratibu ndiye huyohuyo ambaye matundu yake kwenye shabaha yametapakaa kila upande. Chanzo cha udhaifu wote miwili ni kimoja: mikono yake haijazoea kufanya jambo lilelile, kwa namna ileile, kila mara. Kwa hiyo ushauri wangu hautenganishi usalama na ulengaji, kwa sababu kwenye mikono ya askari havitengani.

Tuanze na kuitoa bunduki risasi. Kwa niliyoyaona, risasi isiyokusudiwa hutoka mara chache sana askari akiwa amelala kwenye mstari wa kufyatulia huku mkufunzi akiwa amesimama nyuma yake. Hutoka wakati wa kurudi kutoka lindo, wakati wa kushuka garini, au wakati wa kujiandaa kusafisha, yaani pale ambapo akili imeshahesabu kwamba kazi imekwisha. Utaratibu unaotakiwa hauna ugumu wowote: mtutu uelekee mahali salama, magazini, yaani kisanduku cha risasi, itoke kwanza, ndipo boliti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, ivutwe nyuma. Ukiugeuza, ukavuta boliti wakati magazini bado imekaa mahali pake, utaona risasi moja ikiruka na kuanguka chini, moyo utatulia, utachomoa magazini, kisha utavuta triga ukiamini kabisa kwamba bunduki ni tupu. Ukweli ni kwamba boliti ilipokuwa inarudi mbele iliokota risasi ya pili na kuisukuma ndani ya chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, na hiyo ndiyo itakayofyatuka. Risasi ile iliyoanguka chini ndiyo inayomdanganya askari, kwa kuwa ameiona kwa macho yake.

Kwa sababu hiyo ninasisitiza kwamba baada ya magazini kutoka, boliti ivutwe na kushikiliwa nyuma, chemba itazamwe, macho yaondolewe kidogo, kisha itazamwe tena. Jicho lililochoka huona kile linachotarajia kuona. Usiku, kidole kidogo kiingizwe ndani ya chemba kupapasa. Baada ya hapo mtu wa pili naye akague, hata kama anayekaguliwa ana cheo kikubwa kuliko yeye; ofisa anayekasirika kwa kukaguliwa anawafundisha vijana wake jambo baya zaidi kuliko anavyodhani. Triga huvutwa mwisho kabisa, mtutu ukiwa umeelekezwa kwenye pipa au sanduku la mchanga lililowekwa kwa kazi hiyo.

Usiamini kwamba ulichozoea kwenye bunduki moja kinafaa kwenye nyingine. Kwenye AK, bunduki ya asili ya Kirusi, swichi ya usalama na ya kuchagua namna ya kufyatua ikiwa juu kabisa bunduki imefungwa, ikishuka hatua ya kwanza inapiga mfululizo, na ikishuka hadi chini inapiga risasi mojamoja. Ikiwa juu, inazuia pia boliti isivutwe hadi mwisho, hivyo huwezi kukoki, yaani kuvuta boliti ili risasi iingie chembani. Kwenye bunduki za jamii ya M16, za asili ya Marekani, mpangilio ni tofauti, na swichi haikubali kabisa kurudi kwenye usalama ikiwa nyundo ya ndani haijakokiwa. Askari aliyekulia kwenye aina moja akikabidhiwa nyingine, apewe muda wa kuishika ikiwa tupu, aipapase gizani, aijue kabla hajapewa hata risasi moja. Vyovyote iwavyo, swichi ni chuma na chuma huchakaa; haiwezi kuchukua nafasi ya mtutu ulioelekezwa vizuri na kidole kilichokaa mahali pake.

Mahali pa kidole ni ubavuni mwa bunduki, juu ya kinga ya triga, kikiwa kimenyooka, hadi shabaha itakapokuwa mbele ya macho na uamuzi wa kufyatua uwe umeshafanyika. Kuna askari wanaodhani kanuni hii ni ya makuruti tu, na kwamba mzoefu anaweza kugusa triga bila kuivuta. Mwili hautii imani hiyo. Mtu anayeteleza, anayeshtuliwa na mlio wa ghafla, au anayekaza mkono mmoja ili ashike kitu kwa nguvu, mkono wake wa pili hukaza pia bila kuombwa, na kidole kilichokuwa ndani ya kinga humaliza kazi. Uzoefu wa miaka mingi hauondoi mshtuko huo, kwa sababu hautokani na fikra.

Kuhusu kinachoweza kuwa nyuma ya shabaha, napenda askari waitambue namba moja: risasi ya milimita 5.56, ambayo wengi huiona kuwa ndogo, inaweza kufika takriban mita 3,600 ikirushwa kwa pembe inayofaa. Maana yake ni kwamba tuta la udongo nyuma ya shabaha ni sehemu ya silaha yenyewe, na mtutu unaoinuliwa juu ya tuta wakati wa kubadilisha magazini unatishia watu usiowaona. Ndiyo maana kwenye uwanja wa shabaha mtu yeyote, awe mpishi au kuruti wa juzi, anayeona hatari ana ruhusa ya kupaza sauti ya kusimamisha ufyatuaji, na wote hutii kwanza; maswali hufuata baadaye.

Bunduki ikigoma, jambo la kwanza ni kuuacha mtutu ukiangalia shabaha. Risasi inaweza kuchelewa kuwaka baada ya kupigwa na pini, hivyo subiri kama mwongozo wa silaha yako unavyoelekeza kabla ya kuvuta boliti. Ukisikia mlio dhaifu kuliko kawaida, simama papo hapo na umwite mkufunzi, kwa kuwa huenda kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu, na risasi itakayofuata inaweza kuupasua. Upo pia moto wa mtutu wenyewe. Kwa bunduki za jamii ya M16, kupiga risasi 140 kwa haraka na mfululizo kunatosha kuupasha mtutu kiasi kwamba risasi iliyokaa ndani ya chemba inaweza kuwaka bila mtu kugusa triga.

Sasa twende kwenye kulenga, ambako ndiko watu hutafuta siri na siri hakuna. Kitu cha kwanza ni mkao. Bunduki ibebwe na mifupa iliyokaa vizuri juu ya ardhi, kwa maana msuli huchoka na kutetemeka ilhali mfupa hauchoki. Ukishalala na kuelekeza bunduki kwenye shabaha, funga macho, vuta pumzi na kuishusha mara mbili au tatu, kisha fumbua. Ikiwa bunduki imehamia kushoto mwa shabaha, basi huko ndiko mwili wako unakoelekea kwa asili yake, na hapo kabla ulikuwa unaikokota kwa nguvu za mikono. Usiirudishe kwa mikono. Sogeza kiuno na miguu kidogo, urudie jaribio hilo hadi ufumbue macho na kuikuta shabaha mbele yako. Askari wengi hupuuza hatua hii kwa kuwa inachukua muda na haina mlio, lakini ndiyo iliyobadilisha matokeo ya wanafunzi wangu kuliko nyingine yoyote.

Shavu nalo likae mahali palepale kwenye kitako kila mara, kwa sababu likihama, jicho huhama nalo na mstari wa kulengea hupotea. Kwenye bunduki yenye vilengeo vya chuma, jicho haliwezi kuona kwa uwazi sawa kilengeo cha nyuma, cha mbele na shabaha, kwani viko umbali tofauti. Kinachopaswa kuonekana waziwazi ni kilengeo cha mbele. Shabaha iachwe iwe na ukungu kidogo. Wanafunzi hubishia jambo hili, wakisema mtu hawezi kupiga asichokiona vizuri, na hesabu ndiyo huwa jibu langu. Ikiwa umbali kati ya vilengeo viwili ni nusu mita, basi kilengeo cha mbele kikipotoka kwa milimita moja tu, risasi itapotoka kwa sentimita 20 ikifika mita 100, na kwa sentimita 60 ikifika mita 300. Kwenye AK, ambayo vilengeo vyake viko karibu zaidi, kosa hilohilo huzaa upotofu mkubwa zaidi. Ukungu wa shabaha hauna madhara ya kiasi hicho.

Pumzi isimame pale inaposimama yenyewe, mwisho wa kushusha, kabla ya kuvuta nyingine. Sekunde chache zinatosha; ukiona zimepita bila kufyatua, acha, pumua, anza upya, kwa sababu jicho lililonyimwa hewa huanza kuona vibaya na moyo huongeza kasi. Matundu yanayopangana kwenye shabaha kama mstari wa kusimama, moja juu ya jingine, kwa kawaida ni ushahidi kwamba mtu amefyatua huku kifua kikipanda na kushuka.

Triga ndiyo humshinda askari wa kawaida. Inatakiwa kukamuliwa nyuma moja kwa moja, kwa nguvu inayoongezeka taratibu, hadi risasi itoke bila wewe kuijua sekunde yake hasa, na baada ya mlio kidole kibaki kimeshikilia huku jicho likiendelea kuangalia kilengeo cha mbele. Anayetaka kuchagua sekunde ya kufyatua huipiga triga kwa ghafla, bega husukuma mbele kuupokea mshindo ambao bado haujaja, na mtutu huinama. Hajioni, wala hatakubali ukimwambia. Dawa yake ni risasi za bandia zisizo na baruti, zichanganywe na za kweli ndani ya magazini na mtu mwingine bila yeye kujua mpangilio. Triga ikiangukia kwenye risasi ya bandia, mtutu unainama mbele ya macho ya wote, na yeye mwenyewe anauona. Hakuna hotuba ya mkufunzi inayofanya kazi kama hiyo sekunde moja ya ukimya.

Ugonjwa huo hautibiwi kwa risasi nyingi. Mara nyingi risasi nyingi huuzidisha. Hutibiwa kwa mazoezi ya bunduki tupu, na hapa ndipo ninapowarudisha wale wanaolalamikia uchache wa risasi. Chagua chumba ambacho risasi za kweli hazimo kabisa, hata mfukoni mwako; kagua chemba mara mbili; elekeza mtutu kwenye ukuta ambao risasi haiwezi kuutoboa; kisha fanya hatua zote, kuanzia mkao hadi kuendelea kulenga baada ya triga kugota. Mwenzako akiweka sarafu juu ya ncha ya mtutu, na ikabaki hapo baada ya triga kugota, umekamua vizuri. Robo saa kila siku kwa makini inashinda asubuhi nzima ya kulipua risasi kwa haraka. Ukimaliza, sema kwa sauti kwamba zoezi limekwisha, uondoke mahali pale. Hatari iko kwenye ile “mara moja tu ya mwisho” baada ya magazini yenye risasi kurudi mezani.

Ukienda uwanjani, tafuta kundi, yaani matundu yaliyokaa pamoja, kabla ya kutafuta katikati ya shabaha. Piga risasi tano ukilenga palepale, uangalie matundu yamekaribianaje. Yakiwa yametawanyika, usiguse vilengeo, maana tatizo liko kwa mpigaji. Yakiwa yamekusanyika mahali pasipo sahihi, hapo ndipo vilengeo virekebishwe. Kwa kilengeo cha mbele, kanuni ni kukifuata kosa: kundi likiwa chini, kishushwe, likiwa kushoto, kisogezwe kushoto. Katika Jeshi la Marekani bunduki za jamii ya M16 husawazishwa kwa umbali wa mita 25 ili zipige sawa kwa mita 300, na hapo mtu akumbuke kwamba sentimita moja ya kosa kwenye mita 25 ni sentimita 12 kwenye mita 300. Usawazishaji huo ni wa bunduki ile na mtu yule. Ukiazima bunduki ya mwenzako umeazima pia jicho lake na shavu lake.

Kwa wakufunzi wenzangu nina neno moja: punguzeni kelele nyuma ya mpigaji. Sauti kali inafaa kuzuia hatari, lakini ikitumika kudai matokeo huzaa papara, na papara huishia kwenye triga. Vilevile msimsifu mwenye alama nyingi huku mkifumbia macho mtutu wake unaozungukazunguka kwenye vifua vya wenzake. Askari wengine wanawatazama, na wataelewa ni kipi mnachokithamini.

Masikio yalindwe bila mjadala. Mlio wa bunduki ya kivita unapita desibeli 150, wakati 140 tayari zinaweza kuharibu usikivu moja kwa moja, na anayeogopa mlio hawezi kukamua triga kwa utulivu; vizibo vya ndani na vifuniko vya nje vikivaliwa pamoja ni bora zaidi. Mikono na uso vioshwe kabla ya kula, kwa sababu ya vumbi la ufyatuaji lenye madini yenye sumu yaitwayo risasi (lead). Kabla ya kutoka uwanjani kila mtu akague mifuko na magazini zake na kutamka kwamba hana risasi wala ganda. Bunduki ikishasafishwa na kupakwa mafuta, kumbuka kuukausha mtutu kabla ya kufyatua tena, kwani risasi ya kwanza kupita kwenye mtutu wenye mafuta haitaungana na kundi. Jioni hiyohiyo, kabla hujasahau, andika kwenye daftari namba ya bunduki, vilengeo vilipowekwa, umbali, upepo ulivyokuwa, na mahali kundi lilipokaa.