Maswali na Majibu: Anza na Betri, Ndipo Uchague Mota

SWALI: Ninaishi Mikindani na kila asubuhi huendesha baiskeli hadi Mtwara mjini, mwendo wa kilomita zipatazo 10, kununua samaki, kisha hurudi na kreti la kilo 30 hivi kwenye keria. Nataka kuifunga mota. Fundi ananishauri nichukue mota ya wati 1,000 na betri nne za risasi za volti 12, kwa kuwa ni za bei nafuu. Je, nimsikilize?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Ndugu msomaji, ningekusihi uanze na betri, kwa sababu ndiyo itakayomeza sehemu kubwa ya fedha zako na ndiyo itakayokuacha njiani ukikosea. Ukisaidia kwa kukanyaga pedali, baiskeli yenye mzigo kama wako hula wati-saa (kipimo cha umeme unaotumika au unaohifadhiwa) 12 hadi 15 kwa kilomita, hivyo kwenda na kurudi kunahitaji takriban wati-saa 300. Betri nne za risasi za ampea-saa 12 (ujazo wa betri; ukiuzidisha kwa volti unapata wati-saa) zina wati-saa 576 kwa hesabu ya karatasi, lakini ukizoea kuzitumia kupita nusu hufa mapema, na nusu yenyewe haikufikishi nyumbani. Tena zina uzito wa kilo 16 hivi, yaani nusu ya samaki wako. Betri ya lithiamu ya volti 48 na ampea-saa 10 ina wati-saa 480 na ni nyepesi zaidi. Ukiipata ya fosfeti ya chuma, ambayo ni aina mojawapo ya lithiamu, ichukue, kwani huvumilia joto na hudumu miaka mingi.

Mota ya wati 350 yenye gia ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) inakutosha, nayo huondoka vizuri na mzigo. Ile ya wati 1,000 ikivuta nguvu zote hudai ampea zaidi ya 20, ambazo betri ndogo hulemewa nazo. (Ungekuwa unapanda kwenda Newala ningesema mengine, kwa maana mota ya habu huchemka kwenye mlima mrefu.) Kontrola (kifaa kinachopima umeme wa kwenda kwenye mota) ya ampea 15 iende na betri inayoruhusu ampea 20.

Betri usiifunge chini ya kreti, kwa sababu maji ya chumvi yanayochuruzika kutoka kwa samaki yatakula nyaya zake. Ifunge katikati ya fremu, tundu la chaji likiwa limefunikwa.