Re: Kizibo cha mvinyo kimeinuka, niweke friji ya jikoni?

Habari ndugu. Umesema Bordeaux zako, mvinyo wa Ufaransa, zilikaa juu ya kabati huko Ujiji, na kizibo kimoja kimeinuka. Hilo ni joto. Chini ya bati, mchana juu ya kabati ni tanuri. Kwanza pitisha kidole kuzunguka mdomo wa chupa. Ukikuta unanata, mvinyo umeshavuja: hiyo inywe mapema, usiitunze.

Friji ya jikoni siishauri kwa miaka. Hewa yake ni kavu, kizibo husinyaa. Mimi natumia friji ya mvinyo, nyuzi 13, chupa zimelazwa, na stabilaiza kwa umeme wetu huu. Ukikatika, usifungue mlango kabisa. Kwa sasa zilaze sakafuni, chumba cha ndani, gizani. Hizo chupa zina thamani, tafadhali zihamishe leo.